Beleshi

Kura zilihesabiwa juu ya meza ya chai:
kumi na tisa za Bwana Kyaruzi, saba zangu,
moja imeandikwa jina la mchungaji, ikaharibika.
Nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote.
Nyumbani suti ya uenyekiti ilikuwa imeshaning'inizwa,
ya kijivu, na tai yake,
kwa bei ambayo mke wangu haijui hadi leo.

Zikabaki kazi za kugawana: chai, viti, watoto, theluji.
Watu wakatazama viatu vyao.
"Theluji," nikasema, nikitaka waone uchungu wangu.
Wakaona unyenyekevu. Wakasema Amina.

Ndivyo nilivyokabidhiwa beleshi,
mpini umefungwa utepe mweusi pale ulipopasuka.
Aliyelishika kabla yangu ni Mama Nabintu,
majira tisa ya baridi, mpaka goti lilipomsaliti.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, Winnipeg,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Pumzi inaganda ndevuni. Kufuli linang'ata kidole.
Ngazi saba, kisha njia ya kiti cha magurudumu,
kisha hadi kituo cha basi, maana Bibi Friesen wa jengo la jirani
hupita hapo na kigari chake cha kutembelea.
Si mshirika wetu. Hajui hata kanisa letu linaitwaje.

Nilianza kwa kumdai Mungu hesabu ya kura.
Nilimtajia mmoja mmoja waliokula pilau yangu.
Hakujibu. Theluji ikaendelea kushuka,
taratibu, juu ya ngazi ya kwanza
niliyokwisha kuisafisha.

Mbali, juu ya kuba la bunge la jimbo,
yule kijana wa dhahabu ameinua mwenge wake.
Naye ilimwangukia,
begani, kichwani, bila kumwomba radhi.

Wiki ya tatu nikaenda kumjulia hali Mama Nabintu.
Ukutani, nusu imefunikwa na kalenda ya duka la mchele,
picha: mwanamke mwenye joho jeusi, kitambaa cheupe kooni.
"Ni dada yako?"
"Ni mimi. Bukavu. Nimehukumu watu miaka kumi na minne."
Miaka tisa tumekunywa naye chai.
Nilikuwa nikimpa kikombe nisikumbuke kumpa kiti.
"Mbona hukusema?"
"Theluji haikuniita mheshimiwa," akajibu,
"nami sikuwa na la kuiamuru."
Kisha akauliza kama ule mpini
bado unachubua kidole gumba.

Nilirudi kwa miguu, baridi ikinifinya masikio.
Mtaka cha uvunguni sharti ainame;
mimi maisha yangu yote nimetaka cha darini.
Nimemwimbia Mfalme tangu utoto, kwa sauti ya nne,
wala sijawahi kumtazama viganja:
seremala. Kabla ya misumari palikuwa na sugu.

Sasa sala yangu imefupika.
Ngazi hii, Bwana. Basi.
Kisha: na hii.
Za mbele sizioni, giza bado,
na nyuma yangu zinafunikwa upya. Naziacha kwake.

Bwana Kyaruzi hufika saa tatu, faili kwapani,
hupita juu ya njia yangu bila kutazama chini.
Huniuma. Nisiseme uongo mbele ya beleshi,
bado huniuma.
Nyuma yake Bibi Friesen anasukuma kigari chake, *kwi, kwi,*
hateleziki, hasemi asante, anawahi basi lake.

Suti ingali katika mfuko wake wa dukani.
Tai nimeipatia kazi:
imefunga mpini, mafundo matatu,
pale utepe ulipoachia.